UZI: Hii sukari ya ukoo wetu ni damu au ni sinia?

Mjukuu wa Mtambwe

Assalaam alaykum wana jukwaa. Uzi mrefu huu, mwenye haraka zake apite tu atarudi usiku akishakula.

Mwezi ulopita nilimpeleka bi mkubwa kliniki ya sukari. Kufika pale benchi la mbele kakaa mama mdogo, nyuma yake kakaa ami yangu kashika kadi kama ya mama, hawakuambiana wala nini, tukaanza kucheka utasema tumekutana harusini. Nesi akauliza nyie ukoo mmoja? Tukamwambia naam. Akanigeukia mie, na wewe hebu lete kidole. Nilikuwa sijafungua kinywa. Ikatoka 6.8. Akanambia kwa mtu ambae hajala kitu sukari inahesabiwa kuanzia 7, wewe ushafika mlangoni umeshika komeo, rudi siku nyengine tupime tena. Nina miaka 34, sivuti, sinywi, kitumbo kidogo tu cha kukaa ofisini.

Njiani mama anasema ndo damu yetu hiyo tutafanyaje. Nikanyamaza lakini kichwa kikaanza kufanya hesabu. Bibi mzaa mama mie nimemkuta, nimelala nae kitanda kimoja mpaka naanza skuli. Yule mama alikuwa anakula nini? Asubuhi muhogo wa kuchemsha au mkate wa mofa kama mtama upo, mchana ndizi mbichi au majimbi na samaki chukuchuku, mtoriro anauchuma mwenyewe nyuma ya banda. Wali siku ya Ijumaa na sikukuu. Na shamba anakwenda kwa miguu na kurudi, msimu wa karafuu ndo usiseme. Kafa mzee wa meno yamekwisha, sukari hakuijua.

Mama yeye wali mchana, wali usiku, asubuhi boflo au chapati na chai. Sasa damu si ileile ya mama yake? Kilobadilika sahani.

Nikachukua mzani wa jikoni wa mke wangu ule wa kupimia unga wa keki. Mama anapotia sukari kwenye chupa ya chai hapimi, anamimina tu huku anazungumza na mtu, mkono unajua wenyewe. Siku hiyo nikamwambia mimina humu kwenye bakuli kwanza. Gramu 210. Chupa ya lita mbili. Vikombe kumi hivi, kila kimoja gramu 21, yaani vijiko vitano vya chai. Yeye anakunywa vinne kwa siku. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongezwa isizidi kama gramu 50 kwa mtu mzima na ikiwa chini ya 25 ndo bora zaidi. Mama yuko 84 na hapo hatujagusa kitumbua.

Na mie mkono wangu ndo uleule! Nimepima na mimi siku ya pili, kikombe changu gramu 19. Hakuna alonifundisha, nimeuona tu.

Kitu kimoja sikielewi ndo nilotaka kuwauliza wakubwa humu. Mama muhogo hataki hata kuuona. Ukipikwa muhogo wa nazi nyumbani, hata uwe na papa ndani yake, anasukuma sinia anasema wapelekeeni wenye shida. Mtu kakulia kwenye muhogo, kwa nini?

Urojo Ndugu Yangu

Gramu 19 ni chai hiyo au asali 😂😂

Fundi Makuti

Mimi nikupe mkasa unaokwenda na huu. Mke wangu si wa ukoo wetu, katoka Makunduchi huko, kwao hakuna hata mmoja mwenye sukari. Kaja kwetu kijiti. Mama yangu akampokea jikoni akamwonyesha namna sisi tunavokula, nazi mbili kwenye mchuzi wa watu sita, wali lazima ung'ae, baada ya wali kuna kitu kitamu kidogo. Na kila akinenepa watu wanasema mashaallah mume anamtunza, mie mwenyewe nilikuwa najisikia raha msidanganyike. Mwaka wa 12 wa ndoa kapimwa sukari, anayo. Sasa hiyo damu kaipata wapi? Kwa hiyo hapo kwenye sinia mie nakubaliana na wewe.

Nesi wa Zamu

Fundi Makuti hilo ulosema si lako peke yako, limechunguzwa nchi mbalimbali, mtu ambae mwenza wake ana kisukari na yeye anakuwa kwenye hatari zaidi kuliko jirani yake, na mume na mke hawana damu moja. Wanachanganya chungu tu, na usingizi, na kiti cha kuangalia tivii.

Lakini jamani damu msiitupe kabisa. Mzazi mmoja akiwa nayo hatari yako inapanda, wote wawili inapanda zaidi, hilo halina ubishi. Nnalowaambia wagonjwa wangu ni kuwa damu imekuwekea kuni, kibiriti ni mambo mengine.

Tena kuna la tatu ambalo watu hawalijui, tumbo la mama. Uholanzi kule, baridi ya 1944 kuingia 1945, wakati wa vita, Wajerumani walizuia chakula kisipite, watu wa miji wakawa wanakula chini ya kalori 1000 kwa siku, wengi wakafa. Wanawake waja wazito walikuwemo. Wale watoto walokuwa matumboni wakati ule wakafuatiliwa mpaka utu uzima, ikaonekana sukari na maradhi ya moyo yamewaandama kuliko ndugu zao walozaliwa kabla au baada. Na Uingereza alikuwepo daktari David Barker wa Southampton alotazama madaftari ya zamani ya wakunga, uzito wa mtoto siku anazaliwa, akakuta walozaliwa wepesi ndo walokufa zaidi kwa moyo ukubwani. Mwili uloanza na dhiki unajifunza kubana. Ukija kuumwagia wali na sukari ukubwani haujui pa kuviweka.

Urojo Ndugu Yangu

Nesi hapo umenitisha, mama yangu alikuwa akila udongo na maembe mabichi nikiwa tumboni, nitakuwa na maradhi gani mie

Nesi wa Zamu

Utakuwa na maneno mengi.

Kula udongo mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, mwenye mja mzito anaekula udongo ampeleke akapimwe. Na hapohapo niseme jengine, ile tabia ya kumpa mtoto wa mwaka mmoja chai na bisikuti, chai ya rangi inazuia mwili usichukue madini ya chuma ya kwenye mboga na maharage. Bibi kampa mama, mama kampa wewe, wewe unampa wako, kila mmoja anasema mbona mie nimekua. Umekua kweli lakini damu 8.

Nahodha Mstaafu

Mjukuu wa Mtambwe salaam. Nimesoma swali lako la muhogo mara mbili, nikaona nikujibu maana wa umri wangu humu tumebaki kidogo.

Mama yako kazaliwa lini? Kama ni katikati ya 60 basi jawabu unalo. Mwanzo wa miaka ya 70 mchele hapa ulikuwa kwa mgao. Kadi, foleni, unapimiwa kwa kibaba na hakitoshi, sukari hivohivo, unga hivohivo. Mie nilikuwa kijana wa kubeba kikapu. Tunaamka usiku kwenda kuweka jiwe kwenye foleni, jiwe lako ndo wewe, asubuhi unakuta jiwe limesogezwa na mtu mwenye ubavu. Tulikula muhogo asubuhi, muhogo mchana, makopa usiku, shelisheli likipatikana ni furaha. Muhogo si mbaya lakini kitu ukila kwa kukosa chengine kinakuwa na ladha nyengine mdomoni, sijui kama mnanifahamu. Ukipita nyumba yenye harufu ya wali unasimama kidogo unajifanya unatoa mwiba mguuni.

Basi wenzangu wengi tulijiapia. Mwanangu hatolala na muhogo. Tulipopata ndo mkaona vile, wali mara mbili kwa siku, mchele wa mapembe gunia zima uvunguni, chai tamu mpaka kijiko kinasimama. Mgeni akija ukimpa chai isokolea sukari ni kama umemfukuza. Mama yako haukatai muhogo, anaikataa ile foleni.

Kwa hiyo mkisema chakula cha jadi mnakosea kidogo. Jadi ilikuwa ile ya bibi yako. Huu wali wa kila siku umri wake ni kama wangu tu.

Mjukuu wa Mtambwe

Nahodha umenitoa machozi ofisini. Mama kazaliwa 1964. Hajapata kunisimulia hata siku moja.

Mkaa Maskati

Nahodha Allah akuweke. Marehemu baba alikuwa na tabia ya kutomaliza mchele kwenye gunia, likifika robo analeta jengine, yaani lazima yawe mawili, na tulikuwa watu wanne nyumbani. Nikidhani ni ubahili wa kinyume.

Huku tuliko yamezidi, wali uleule wa Zanzibar, nyama ya huku, gari mpaka mlangoni, jua haliruhusu kutembea, watoto wangu hawajui kupanda hata ngazi. Tumebeba chungu cha nyumbani tukaacha mguu wa nyumbani.

Mtu wa Konde

Nahodha kwa heshima zote hapa nakupinga. Si kila kitu mgao. Kwetu Konde tuna bonde, tunalima mpunga wenyewe, wali tumeula tangu enzi za mababu na hatuna hii sukari kwa wingi huo. Mie naona tatizo ni hizi soda, mafuta ya kupikia haya ya madumu, na juisi za unga. Nazi na wali wanasingiziwa bure. Nazi ni dawa.

Nahodha Mstaafu

Huo mpunga mlokuwa mkiulima ulikuwa unawatosha miezi mingapi? Sema kweli.

Mtu wa Konde

Minne mitano hivi ukiwa mzuri mwaka

Nahodha Mstaafu

Na mingine mlikula nini

Mtu wa Konde

...Muhogo na ndizi. Haya bwana 😅 lakini kwenye soda sirudi nyuma

Nesi wa Zamu

Kwenye soda uko sawa, chupa moja ndogo ina gramu thelathini na kitu za sukari, mtoto anaimaliza kwa dakika tatu na hashibi. Nazi si dawa na si sumu, lile tui zito lina mafuta ya kuganda mengi, mwenye moyo au lehemu juu apunguze. Na wapenzi wa muhogo msije mkaruka na nyinyi, muhogo ni wanga kama wali. Mzee wa zamani alikula vipande vitatu na samaki na majani akaenda kulima, ukila sahani imefura na chai tamu ukalala hakuna ulichofanya. Tofauti kubwa ya sahani ya bibi ilikuwa majani na kunde na choroko, na ule mtama, na kuwa wali una siku yake.

Kasimile

Mnazungumza kama chakula kinapikika chenyewe. Niulizeni mie mke wa mtu nnaekaa na mkwe.

Nilisoma haya mambo, nikasema nianze taratibu. Siku ya kwanza nikapika changu chukuchuku, ndimu, pilipili, nyanya, chumvi kidogo, hakuna tui. Mkwe wangu kaonja akaweka chini, kamwita mwanawe chumbani, namsikia, "baba kuna mtu mgonjwa humu ndani?" Basi ndo ujue, chakula kisicho tui na chumvi kali ni chakula cha mgonjwa au cha masikini, hakuna cha tatu. Na mume wangu ambae peke yetu alikisifu akaja pale barazani akasema kweli bibie leo hakikukolea. Nimeolewa na mwoga jamani.

Na ile chumvi. Tunatakiwa mtu mmoja kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, kila kitu ndani yake, sisi papa ng'onda kaja na chumvi yake, juu yake mchuzi umetiwa chumvi, juu yake achari, na kidau cha chumvi kinawekwa kwenye mkeka kama mgeni rasmi. Mkwe ana presha, mume ana presha na hajafika 45, na mwanangu wa miaka 5 nimemkuta juzi anaramba chumvi kiganjani anamwiga baba'ke.

Nilichofanya ni hivi. Tui la kwanza naliweka pembeni kwa siku ya pili, napikia la pili na la tatu, wali natia tui mara moja kwa wiki. Sikumwambia mtu. Sukari ya chupa nilipunguza kijiko kimoja kila wiki, nimefika nusu na hakuna aloguna mpaka wifi kaja kutoka mjini akasema mbona chai yenu siku hizi kama ya hoteli. Nikamwambia sukari imepanda bei.

Urojo Ndugu Yangu

Kasimile wewe ni mwanasiasa, gombea

Fundi Makuti

Dada Kasimile na watoto unawafanyaje? Wangu majani hawagusi, mtoriro wanautoa ulimi kama dawa ya minyoo

Kasimile

Silazimishi. Naweka, wasipokula natoa, kesho kutwa naweka tena. Kisamvu kimewachukua kama mwezi. Mkubwa alianza kula siku alomwona babu yake anakisifu, mie maneno yangu yote hayakusaidia.

Nesi wa Zamu

Ndo njia yenyewe. Ladha mpya mtoto anahitaji kuionja mara nane mpaka 15 hivi kabla hajaizoea, wazazi wengi wanakata tamaa mara ya tatu wanasema huyu hapendi. Na haianzi mkekani. Philadelphia kule Marekani mtafiti Julie Mennella na wenzake 2001 waliwapa wanawake juisi ya karoti, wengine wakiwa waja wazito wengine wakinyonyesha, watoto walipoanza kula wakapewa uji wenye ladha ya karoti. Wale ambao mama zao walikunywa wakaupokea kwa uso mzuri zaidi. Ladha inapita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa.

Mtu wa Konde

Ndo maana wanangu wanapenda pilipili mbuzi, mama yao alikuwa akila kama peremende

Nesi wa Zamu

Jengine, tuache ile "maliza sahani, kuna wenzio hawana". Mtoto mdogo anajua kashiba, sisi ndo tunamfundisha asijisikilize. Nikimsoma Nahodha sasa naelewa ile kauli imetoka wapi, lakini kwa mtoto wa leo inamdhuru.

Mkaa Maskati

Kwenye sinia je? Mie naona sinia linaficha, tunakula watu watano, hakuna anaejua kala kiasi gani, na mwenye mkono mwepesi ndo mwenye ngawira. Lakini kuliacha siwezi, ndo utu wetu.

Mjukuu wa Mtambwe

Sinia halitoki kwangu. Tulichobadilisha ni kinachokaa katikati yake. Wali sasa unazunguka pembeni, kunde na majani ndo yamepewa nafasi kubwa, mwanzo ilionekana kama utani. Na chai tumeshuka, chupa sasa ni gramu 90.

Nimerudi kupima ya pili na ya tatu, ya juzi 6.2. Nesi kasema endelea na usijidai.

Lakini nilitaka niwaambie ya Ijumaa ilopita. Baada ya maneno ya Nahodha sikumuuliza mama kitu, nikapika mwenyewe. Muhogo wa nazi kwa tui jepesi, dagaa wa kukaanga kidogo, kachumbari, na wali kidogo pembeni ili asione nimemfanyia vitimbi. Tukakaa mkekani mie, mke wangu, mama na mtoto wa dada yangu. Mama akaona, akavuta wali upande wake, kama kawaida. Mtoto akamuuliza bibi wewe huli muhogo kwa nini.

Kimya. Alafu akaanza. Alikuwa na miaka saba, mama yake ana homa, akampa kikapu na kadi akamwambia kashike nafasi. Kakaa toka kabla ya alfajiri mpaka jua la utosi. Ilipofika zamu yake mtu mzima mmoja akampita mbele, yeye akaogopa kusema, mchele ukaisha. Karudi na kikapu kitupu, njiani anatunga uongo kuwa kaibiwa. Bibi hakumpiga, hakusema kitu, akainuka na homa yake akaenda nyuma ya banda akang'oa muhogo. Mama anasema angenipiga ningesahau.

Alipomaliza akanyoosha mkono akachukua kipande kimoja, akatoa ule uzi wa katikati kwa vidole taratibu kama anamtolea mtoto mwiba wa samaki, akala. Sote tunajifanya hatumtazami.

Akasema, "Chumvi haikukolea."

Kasimile

😭😂 Usimpe

Nahodha Mstaafu

Mpe ndimu.